Jina Libaki Jina

Kaunti ya Trans Nzoia na jirani yake Bungoma zimejaa ng'. Mashariki mwa Kitale kuna Cherang'any, milima na eneo bunge. Karibu na mji wa Bungoma kuna Sang'alo, ambako vijana wengi wa magharibi wamesomea ufundi. Fungua daftari la mahudhurio la shule yoyote ya huku na utakuta majina ya ukoo yenye ritifaa, kile kijialama kinachoning'inia juu ya mstari, ambacho mwalimu wa Kiswahili hukidai kwa wino mwekundu kikikosekana. Sisi tumekizoea mpaka hatukioni. Kompyuta inakiona.

Katika mifumo ya jamii ya Unix, inayoendesha sehemu kubwa ya seva za dunia, ritifaa hiyohiyo ni alama ya kufungua na kufunga nukuu. Programu inayopokea amri, wenyewe huiita sheli (si ile ya mafuta), ikikutana nayo huelewa kwamba kuanzia hapo mpaka itokee ya pili, kila herufi ichukuliwe ilivyo. Basi iambie itengeneze folda ya Cherang'any bila kuchukua tahadhari yoyote, na haitatengeneza kitu. Itashuka mstari mmoja, ikuonyeshe alama ya > upande wa kushoto, halafu inyamaze. Inangoja nukuu ya kufungia. Unaweza kwenda kunywa chai Kiminini na kurudi, utaikuta inangoja.

Hiyo ni kero tu. Hatari huanza pale mtu mwenye nia mbaya anapogundua kwamba jina analoandika kwenye fomu linafika kwenye sheli bila kufungashwa ndani ya nukuu. Ataandika jina, baada ya jina nuktamkato, na baada ya nuktamkato amri yake mwenyewe. Sheli haina namna ya kujua kwamba nusu ya mstari ni ya mwenye kompyuta na nusu ni ya mgeni. Udhaifu huu ndio upenyezaji wa amri, na umekuwapo tangu watu walipoanza kuandika programu zinazoita programu nyingine.

Chukua duka la pembejeo mjini Kitale. Mkulima wa Endebess amezoea kutuma karatasi: "Mpe ...... mifuko miwili ya mbegu," naye anayetumwa hujaza jina lake kwenye nafasi iliyoachwa. Siku moja anayetumwa anajaza hivi: "Barasa mifuko kumi ya mbolea, halafu mpe Barasa". Isome sasa karatasi nzima. Mwenye duka akitoa mbolea hana kosa la kusoma, amesoma alichoandikiwa. Wino ni mmoja, mstari ni mmoja, na hakuna kinachomwonyesha amri ya mkulima imeishia wapi na jina la mchukuzi limeanzia wapi.

Werevu wa wapenyezaji umeshasimuliwa vya kutosha, na magazeti huupenda. Ninaowahusudu mimi ni warekebishaji: watu wanaokaa na mstari mmoja wa msimbo wiki nzima, wakitafuta namna ya kulifanya jina libaki jina. Nimejifunza kusoma viraka vyao kama wengine wanavyosoma mashairi, polepole na kwa kurudia, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba huu ni ufundi wenye shule zake, mitindo yake na hata adabu yake.

Ufundi huo unaonekana vizuri zaidi kwenye zana za wanaprogramu wenyewe. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii au wa chuo cha ufundi pale Kitale huanza siku yake kwa kuteremsha kazi ya mtu asiyemjua: ananakili hifadhi ya msimbo kwa Git, zana ya kutunza msimbo, anasakinisha vifurushi, anaviacha vijijenge. Hajaendesha programu ya yule mtu bado. Anadhani amechukua maandishi tu. Lakini zana zake zimeshasoma anwani, majina ya faili, majina ya matawi, na kila kimoja kati ya hivyo kiliandikwa na mgeni. Kijana anayefanyia wateja wa ng'ambo kazi akiwa chumbani kwake Kanduyi ana funguo za seva za watu kwenye kipakatalishi hicho hicho. Zana ikidanganywa, zimekwenda.

Njia ya kwanza ambayo kila mtu huifikiria ni kuorodhesha herufi mbaya na kuzizuia. Historia yake haifurahishi. Katikati ya miaka ya tisini seva za wavuti za NCSA na Apache zilikuja na kijiprogramu kiitwacho phf, kazi yake kutafuta watu kwenye orodha ya simu. Walioiandika hawakuwa wazembe. Kila herufi waliyoiogopa, nuktamkato, mabano, alama ya dola, waliitangulizia alama ya kuikinga kabla ya kuipa sheli mstari. Wakasahau moja, ile isiyoonekana: herufi ya kuanza mstari mpya. Kwa sheli, mstari mpya ni amri mpya. Machi 1996 kituo cha CERT cha Marekani kikatoa onyo, na kwa miaka kadhaa baadaye phf ikawa kitu cha kwanza ambacho kila mdukuzi anayejifunza alikijaribu.

Huku kwetu orodha ya herufi mbaya ina madhara mengine. Kuna shule moja ambayo mfumo wake wa kutunza picha za wanafunzi ulikuwa ukigoma kila ulipofika kwa mtoto mwenye ng'. Fundi aliyeitwa alifuta ritifaa kwenye majina yote, mfumo ukaenda, akalipwa. Muhula ulipoisha ripoti zikatoka na majina ambayo hakuna mzazi aliyempa mtoto wake, kwa maana ng na ng' si sauti moja, na mtu wa Bungoma hahitaji kufundishwa hilo. Kiraka cha namna hiyo hulitendea jina kama ndilo mkosaji. Hata kwa usalama hakikusaidia sana, kwa sababu nuktamkato na dola viliachwa pale pale.

Sasa tazama mkono wa fundi wa kweli.

Git ilianzishwa na Linus Torvalds Aprili 2005, na Julai mwaka huohuo akaikabidhi kwa Junio Hamano, ambaye ameitunza tangu hapo. Ndani yake mna faili fupi iitwayo quote.c, na juu ya faili hiyo kuna maelezo yenye mifano minne tu: neno la kawaida, neno lenye nafasi katikati, neno lenye ritifaa, na neno lenye alama ya hisi. Mfano wa tatu ndio wetu. Unasema kwamba a'b igeuzwe kuwa 'a'\''b'. Kwa hiyo Cherang'any ikipita hapo hutoka hivi:

'Cherang'\''any'

Inatisha kuitazama, lakini isome kwa mwendo wa sheli. Nukuu inafunguliwa, Cherang inaingia, nukuu inafungwa. Halafu, nje ya nukuu, kuna mkwaju wa kinyume na ritifaa moja, maana yake: hii ichukue kama herufi tu. Halafu nukuu inafunguliwa upya, any inaingia, inafungwa. Kwa kuwa hakuna nafasi kati ya vipande hivyo vitatu, sheli inavigandanisha kuwa neno moja. Kwa nini mzunguko wote huo? Kwa sababu ndani ya nukuu ya aina hii hakuna herufi yenye nguvu yoyote, hata mkwaju wa kinyume ambao kwingine ndio mkingaji. Hakuna njia ya kuiingiza ritifaa ndani. Lazima utoke nje, uiweke, urudi. Na hapo ndipo raha yenyewe ilipo: humo ndani dola ni dola, nuktamkato ni nuktamkato, mstari mpya ni mstari mpya tu. Mwandishi hakuhitaji kuzikumbuka. Alichagua chumba ambamo ni alama moja pekee inayoweza kufungua mlango, akashughulika na hiyo moja. Jina linafika upande wa pili zima, pamoja na ritifaa yake.

Mfano wa nne una historia kidogo. Alama ya hisi haina madhara ndani ya nukuu kwenye sheli nyingi, lakini csh, sheli ya zamani iliyotoka Berkeley, huichukua kama ombi la kurudia amri iliyopita, hata ndani ya nukuu. Watu wanaotumia csh leo ni wachache. Git inawakumbuka.

Kuna jingine ninalolipenda kwenye Git kuliko hata hilo. Majaribio yake, maelfu kwa maelfu, huendeshwa kila moja ndani ya folda ya muda ambayo jina lake huanza na maneno mawili yenye nafasi katikati. Nafasi hiyo iliwekwa makusudi. Mahali popote ambapo mtu atasahau kufungasha jina la folda, sheli italikata vipande viwili pale kwenye nafasi na jaribio litaanguka siku hiyohiyo. Hawakutegemea kwamba watu watakumbuka. Waliifanya nyumba yao wenyewe iwe na jina gumu.

Hata hivyo mafundi hawa walikamatwa, na namna walivyokamatwa inafundisha. Njia bora kuliko kufungasha ni kuiacha sheli kabisa. Badala ya kuunganisha maneno kuwa mstari mmoja na kuomba usomwe vizuri, unaukabidhi mfumo orodha: hii ni programu, hili ni neno la kwanza, hili la pili. Hakuna nukuu, hakuna kukata. Katika Python ni tofauti kati ya os.system("git clone " + anwani) na subprocess.run(["git", "clone", anwani]). Kila mwalimu mzuri hufundisha hivyo, na Git ilikuwa ikiita ssh, programu ya kuunganishwa na seva ya mbali, kwa mtindo huo wa orodha.

Mwaka 2017 Joern Schneeweisz wa Recurity Labs aliuliza swali ambalo likishaulizwa linaonekana la wazi: je, jina la seva likianza na kistari? Orodha inalifikisha jina hilo kwa ssh likiwa zima, bila kukatwa. Lakini ssh nayo ina desturi yake: neno linaloanza na kistari ni chaguo, si jina. Na mojawapo ya machaguo ya ssh huiruhusu kuendesha amri yoyote kabla ya kuunganishwa. Kwa hiyo anwani iliyoandikwa kwa ujanja, mtu akiinakili tu, ingeendesha amri kwenye kompyuta yake. Sheli haikuhusika. Mgeni alipita kwenye mlango uliojengwa ili kuikwepa sheli.

Ugonjwa huo haukuwa wa Git peke yake. Mercurial na Subversion, zana nyingine za kutunza msimbo, zilikuwa nao. Tarehe 10 Agosti 2017 miradi yote mitatu ilitoa marekebisho siku moja, baada ya kuelewana kimya kimya, ili kiraka cha mmoja kisiwe ramani ya kumshambulia mwenzake. Git haikurekebisha toleo jipya peke yake. Ilirudi nyuma mpaka matoleo ya jamii ya 2.7. Anayetumia kompyuta ya maabara ambayo haijasasishwa kwa sababu bando ni ghali anaelewa thamani ya adabu hiyo.

Na kiraka chenyewe? Kiini chake ni kijiprogramu kimoja chenye jina refu, looks_like_command_line_option, na ndani yake mstari mmoja: kama neno lipo, na herufi yake ya kwanza ni kistari, jibu ni ndiyo. Basi. Kisha sehemu zinazoita ssh zinauliza swali hilo kabla ya kuendelea, na jibu likiwa ndiyo zinakata safari na kumwambia mtumiaji kwamba jina hili la seva ni la ajabu, limezuiwa. Ningekuwa mkaguzi wa kazi hii ningeitolea mfano darasani kwa sababu ya lile jina. Halisemi "mbaya" wala "hatari". Linasema kinachoonekana: hiki kinafanana na chaguo la amri. Mtu atakayeisoma miaka kumi baadaye, hajui chochote kuhusu 2017, ataelewa.

Unaweza kuuliza: kuzuia kistari si orodha ya herufi mbaya tena? Nimelifikiria sana hilo. Nadhani tofauti ni kwamba hakuna seva halali ambayo jina lake huanza na kistari. Kanuni za majina ya intaneti zinakataza. Hapa hakuna Cherang'any anayeonewa. Fundi alitazama kwanza ni nani angeumia, akaona hakuna, ndipo akafunga.

Oktoba 2018 Schneeweisz akarudi. Safari hii kistari kilijificha kwenye faili inayoorodhesha hifadhi ndogo zilizomo ndani ya hifadhi kubwa, na Git, ikijiita yenyewe kuzinakili, ikakisoma kama chaguo. Jeff King, mmoja wa waandishi wakongwe wa Git, hakuridhika na kufuli moja. Aliweka vistari viwili mbele ya anwani, ile alama ambayo kwenye Unix humaanisha machaguo yameisha, kinachofuata ni majina tu. Akakataza anwani na njia za hifadhi ndogo zinazoanza na kistari. Halafu akaifundisha zana ya ukaguzi ya Git izitambue anwani na njia za namna hiyo, ili seva zinazohifadhi kazi za watu zizikatae mlangoni, hata kama mtumiaji wa mwisho bado ana toleo la zamani. Hatua hiyo ya tatu ndiyo inayonifanya nivue kofia. Alikuwa akimrekebishia mtu ambaye hatasasisha.

Mfano mwingine wa mkono wa aina hiyo ni wa sheli iitwayo Bash, Septemba 2014. Stéphane Chazelas aligundua kwamba Bash, ikirithi kutoka kwa programu nyingine thamani yenye umbo la kijiprogramu, huisoma, na kijiprogramu kikiisha huendelea kutekeleza chochote kilichobaki nyuma yake. Dosari ilikuwamo tangu 1989. Seva za wavuti zilikuwa zikiirithisha Bash maneno yaliyotoka moja kwa moja kwa wageni, kwa hiyo ilipotangazwa tarehe 24 dunia nzima ilitaharuki, wakaiita Shellshock. Mtunzaji wa Bash, Chet Ramey wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, alikuwa ameibeba kwa miaka mingi kama kazi ya kujitolea. Kiraka cha kwanza kilimrekebisha msomaji ili aache mahali panapostahili. Haraka sana Tavis Ormandy wa Google akaonyesha njia nyingine ya kumchanganya msomaji huyohuyo.

Hapo ndipo Florian Weimer wa Red Hat alipobadilisha swali. Badala ya kumnoa msomaji aliyechoka, aliuliza kwa nini anasoma maneno ya kila mtu. Leo Bash hukubali kijiprogramu cha kurithi pale tu jina la kigeu, yaani kile kinachobeba thamani, linapoanza na BASH_FUNC_ na kuishia na alama mbili za asilimia. Mgeni wa seva ya wavuti huchagua thamani. Hachagui mwanzo wa jina, maana seva ndiyo inayouweka, mara nyingi HTTP_. Kwa mabadiliko ya jina tu, bahari nzima ya maandishi ya wageni ikawa haimfikii msomaji, hata kama ndani yake bado kuna makosa ambayo hayajagunduliwa. Na kweli makosa zaidi yaligunduliwa siku zilizofuata. Hayakuwa na njia ya kupita.

Mambo ya leo yamehamia kwenye mitambo ya kujenga programu. Kwenye mmojawapo, GitHub Actions, mtu akipendekeza badiliko, mashine inaamka, inachukua kichwa cha pendekezo au jina la tawi, na mara nyingi inalichomeka ndani ya amri. Linachomekwa kabla sheli haijaamka, kwa hiyo nukuu ulizoandika hazisaidii; sheli inaukuta mstari ukiwa umeshakamilika. Desemba 2024 mradi wa Ultralytics, maarufu kwa programu za kompyuta za kutambua vitu kwenye picha, ulipenyezwa kwa jina la tawi. Sheria za Git hazikubali nafasi ndani ya jina la tawi, lakini dola na mabano zinakubali, na mshambuliaji akatumia kigeu cha sheli kinachogeuka kuwa nafasi baadaye. Matokeo yake, matoleo yaliyosambazwa kwa umma yalikuja na programu ya kuchimba sarafu za kidijitali kwenye kompyuta za watu. Dawa yake ni ya mistari miwili: jina la tawi liwekwe kwanza kwenye kigeu cha mazingira, kisha sheli ilisome kutoka humo ndani ya nukuu. Jina halijasafishwa wala kufutwa herufi. Limebadilishiwa njia ya kuingilia.

Haya hayako mbali nasi: kliniki za mpango wa afya wa AMPATH huku magharibi, zikiwemo za Kitale na Webuye, zimetunza kumbukumbu za wagonjwa kwa OpenMRS, mfumo huria uliobuniwa 2004 na Regenstrief Institute ya Indiana pamoja na Partners In Health, ukaanza kazi Eldoret Februari 2006. Mapema 2019 kampuni ya Bishop Fox ilitangaza kwamba moduli inayowawezesha wanaprogramu kuunganisha mifumo mingine na OpenMRS ilikuwa ikipokea maandishi kutoka kwa mtu yeyote, bila kumuuliza nywila, na kuyageuza kuwa vitu hai vinavyoweza kuendesha amri. Ni binamu wa ugonjwa wetu. Toleo la 2.24.0 la moduli hiyo likaifunga njia.

Anayetaka kuanza kujifunza ufundi huu hahitaji mengi. ShellCheck ya Vidar Holen ni ya bure, inaenda hata kwenye kipakatalishi cha mtumba, na onyo lake namba SC2086 hukukumbusha kuzungushia nukuu kigeu ulichokiacha uchi. Iwashe, ipe hati zako za zamani za sheli, usome inachosema bila kukasirika. Halafu fungua historia ya mradi kama Git na ufuate kiraka kimoja mpaka kwenye jaribio lake. Fanya hayo kwenye mashine yako mwenyewe, tafadhali. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inatoza hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili, kwa kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa, na hakimu wa Bungoma hatataka kusikia habari za ritifaa.

Kiraka ninachokirudia mara nyingi zaidi ni cha Rust, lugha iliyojengwa kwa sifa ya usalama. Nyaraka zake ziliahidi kwamba maneno utakayoyapa programu nyingine yatafika yalivyo. Kwenye Windows ahadi hiyo ilikuwa na ufa: faili za .bat husomwa na cmd.exe, na cmd.exe hukata maneno kwa kanuni zake yenyewe, zilizolundikana tangu enzi za DOS. Mtafiti anayejulikana kama RyotaK ndiye aliyeuonyesha, na lugha kadhaa zilikutwa na ufa uleule. Java ilisema hairekebishi. Nyingine ziliongeza onyo kwenye nyaraka. Rust ikatoa toleo 1.77.2 tarehe 9 Aprili 2024, na kwenye tangazo lake ikakiri jambo ambalo wahandisi hulikiri kwa shida: kwamba ugumu wa cmd.exe ni mkubwa kiasi kwamba hawakupata namna ya kufungasha kila neno kwa usalama.

Wakafanya nini? Waliimarisha ufungashaji kadiri walivyoweza, na pale ambapo hawana uhakika, maktaba inakataa. Haibahatishi, haifuti herufi, haimpi mtu jina lisilo lake. Inarudisha kosa liitwalo InvalidInput na amri haianzi. Kwa anayejua hasa anachofanya, nyaraka zinamwelekeza kwenye raw_arg, ambako atafungasha mwenyewe na kulibeba jukumu lake. Kuna watu walilalamika kwamba programu zao zilizokuwa zikienda sasa zinasimama. Zinasimama kweli, na zinaposimama zinamwambia mwenye kazi kwamba maneno aliyoipa faili ya .bat hayakubaliki.